Mtoto wa nyumba ya sala na usiku wa Halloween: jibu kwa mama wa South B

Mama mmoja wa watoto wawili anayeishi South B, hapa Nairobi, ameniandikia hivi:

"Mimi na mume wangu tumeokoka, na watoto wetu tunawalea kanisani. Mwaka huu kamati ya watoto ya mtaa wetu, ambao ni nyumba nyingi ndani ya geti moja, imetangaza kwamba Ijumaa tarehe 31 Oktoba watoto watavaa mavazi ya kujigeuza na kupita mlango kwa mlango wakiomba peremende, kisha saa mbili usiku wataonyeshwa filamu ya kutisha ukumbini. Karibu na geti yatawekwa makaburi ya maboksi na mifupa ya plastiki. Binti yangu wa miaka minane anataka kwenda akiwa simba, na mdogo wake wa miaka minne humfuata popote aendapo. Mume wangu anasema huo ni mchezo tu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye tangu baba mkwe azikwe mwezi wa Aprili kule Kakamega, anasema hiyo ni ibada ya shetani na kwamba tukiwaruhusu watoto tutakuwa tumemfungulia adui mlango. Jirani yangu Mwislamu ameshakataa, na binti zetu ni marafiki wa kufa kuzikana. Shule yao, inayofuata mtaala wa Uingereza, nayo imetuma ujumbe kwamba siku hiyohiyo watoto waje na mavazi. Nifanye nini?"

Mama, nitakupa jibu langu mapema, kisha nikueleze nimelifikiaje. Kwa maoni yangu binti yako anaweza kwenda akiwa simba, akapokea peremende zake na kurudi nyumbani saa kumi na mbili na nusu, kabla giza halijakolea. Filamu asiitazame. Mdogo wake asiende bila mmoja wenu kumshika mkono. Hata hivyo, kabla ya hayo yote yapo mazungumzo mawili ambayo wewe na mumeo mnapaswa kuyafanya, moja na mama mkwe wako na jingine na kamati ya mtaa kuhusu yale makaburi ya maboksi, na hayo ya mama mkwe yanaweza kulibadilisha jibu langu lote.

Nianze na hoja ya chimbuko, kwa kuwa ndiyo inayosambazwa zaidi kila Oktoba katika vikundi vya WhatsApp vya makanisa yetu, mara nyingi ikiwa imetiwa chumvi. Ni kweli kwamba watu wa Ireland, wa Uskoti na wa kisiwa cha Man walikuwa tangu kale na sikukuu iitwayo Samhain, iliyoashiria mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi, wakati mifugo iliporudishwa kutoka malisho ya milimani na usiku ulipoanza kuwa mrefu. Masimulizi ya kale ya Ireland yanautaja wakati huo kuwa ndio ambao viumbe wa ulimwengu usioonekana huwakaribia binadamu. Lakini masimulizi hayo yameandikwa na Wakristo, wengi wao watawa, karne nyingi baada ya Injili kufika huko, na hayasemi kwamba shetani aliabudiwa. Mtu anayekuambia kwa uhakika ni maneno gani yaliyotamkwa usiku huo na ni kafara gani iliyotolewa anasema jambo asilo na ushahidi nalo, na sisi waumini, ambao tumeamriwa tusishuhudie uongo, hatuna ruhusa ya kuutetea ukweli kwa habari za kubuni.

Upande wa pili wa historia hiyo ni wa kanisa lenyewe. Papa Gregory wa Tatu, aliyeliongoza kanisa kuanzia mwaka 731 hadi 741, aliweka wakfu kikanisa ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma kwa heshima ya watakatifu wote, na mwaka 835, chini ya Papa Gregory wa Nne, sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba ikaenezwa katika milki ya Wafranki, yaani Ufaransa na Ujerumani za leo na nchi jirani. Karibu na mwisho wa karne ya 10, Odilo, abati (mkuu wa watawa) wa Cluny, Ufaransa, aliagiza nyumba zake za watawa ziwaombee marehemu wote tarehe 2 Novemba. Kwa hiyo usiku wa tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa sikukuu ambayo Wakatoliki na Waanglikana wa Nairobi wanaiadhimisha hadi leo, na ndiyo tarehe ambayo Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, anakumbukwa kwa hoja zake 95 za mwaka 1517. Kama kanisa liliichagua tarehe hiyo kwa ajili ya Samhain au kwa sababu nyingine, wanahistoria bado wanabishana.

Desturi ya kupita mlango kwa mlango nayo ina ukoo wa namna hiyohiyo. Katika Uingereza ya kale maskini na watoto walipewa mikate midogo nyumba kwa nyumba, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba hizo. Katika Ireland na Uskoti watu walichonga taa kwa mizizi minene ya tanipu, na Waireland waliohama kwa wingi wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852 wakazipeleka desturi zao Marekani, ambako malenge yalikuwa tele na rahisi kuchongwa. Sherehe unayoiona leo, ya peremende na mavazi ya dukani, ilikomaa Amerika Kaskazini kati ya miaka ya 1920 na ya 1950, ikapungua kidogo sukari ilipogawiwa kwa kipimo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha ikaenezwa kwa nguvu ya biashara. Kwetu imeingia kwa njia ya shule za kimataifa, televisheni na maduka makubwa, na pia kwa njia ya marobota ya mitumba, kwa sababu mavazi ya watoto wa ng'ambo yaliyovaliwa usiku mmoja huishia katika vibanda vya Gikomba na Toi.

Ukiyaweka hayo yote pamoja utaona kwamba mama mkwe wako hakukosea aliposema kuwa humo ndani mna mambo yasiyo ya Kikristo, na mumeo hakukosea aliposema kwamba mtoto wa leo haabudu kitu chochote anapogonga mlango wa jirani. Chimbuko linatupasa tuwe waangalifu, lakini haliwezi kutuamulia. Kuna mambo mengi tuliyoyapokea na kuyatakasa, na kuna mengine yaliyoanzia kanisani kabisa ambayo leo yamegeuka kuwa ulevi. Swali la haki ni hili: mtoto wako atafanya nini hasa jioni hiyo, na tendo hilo litamfundisha nini?

Hapo ndipo ninapomwendea Mtume Paulo, kwa kuwa kanisa la Korintho liliwahi kumwuliza swali linalofanana sana na lako. Nyama iliyouzwa sokoni mjini humo huenda ilitoka kwenye mahekalu ya miungu, na waumini walikuwa wamegawanyika, wengine wakiila bila wasiwasi na wengine wakiiona ni unajisi mtupu. Katika 1 Wakorintho, sura ya 8 hadi ya 10, Paulo hakutoa jibu moja. Alitenganisha hali tatu, na mimi nadhani kila mzazi wa Kikristo mwenye swali hili azisome sura hizo zote tatu kwa kituo, badala ya kuchomoa mstari mmoja wa kumnyamazishia mwenzake.

Hali ya kwanza ni ya nyama iliyoko sokoni. Hiyo, asema Paulo katika 10:25, nunua ule bila kuulizauliza, maana dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Hali ya pili ni ya meza ya hekaluni, na hapo Paulo hana mzaha hata kidogo: huwezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Hali ya tatu ni ya chakula cha jioni katika nyumba ya mtu, pale mwenzako anapokuambia waziwazi kwamba nyama hii ilitolewa sadaka, na Paulo anakuagiza usile, si kwa sababu ya nyama bali kwa ajili ya huyo aliyekuambia na kwa ajili ya dhamiri yake.

Mtoto aliyevaa vazi la simba, anayepokea peremende kutoka kwa jirani anayemfahamu, katika uwanja anaochezea kila siku, mimi namweka katika hali ya kwanza. Peremende haikuombewa kwa jina la yeyote. Tendo lenyewe, yaani kubisha hodi, kusalimu wakubwa, kupokea na kushukuru, ni tendo ambalo ungelipenda alifanye siku yoyote ya mwaka, na kwa kweli katika mitaa yetu ya mageti, ambako watu huishi ukuta kwa ukuta kwa miaka bila kujuana majina, si jambo dogo mtoto kuijua milango ya jirani zake.

Meza ya hekaluni pia ipo, na usidhani ni hadithi za kutishia watoto. Ninaposhauri wazazi huwauliza kama watoto wao wakubwa wamewahi kucheza ule mchezo wa penseli mbili zilizopandanishwa juu ya karatasi yenye maneno ya ndiyo na hapana, ambapo mchezaji huita roho kwa jina na kuiuliza maswali, na wengi hushangaa kugundua kwamba mchezo huo umepita darasani kwao. Katika sherehe za namna hii michezo ya kuita pepo, ya kutazamia bahati na ya kuzungumza na wafu huingizwa na vijana wa miaka 12 au 13 bila mtu mzima kujua. Hicho ndicho kinachokatazwa na Kumbukumbu la Torati 18, tangu mstari wa 9, na hapo usikubali mjadala wala nusu nusu. Mwambie binti yako kwa maneno mepesi: wakianza kuita mtu asiyeonekana, wewe unarudi nyumbani, na hakuna atakayekugombeza kwa kuondoka mapema. Mtoto wa miaka minane analielewa agizo hilo vizuri zaidi kuliko hotuba ya nusu saa kuhusu giza na nuru.

Hali ya tatu ndiyo inayokaa sebuleni kwako, nayo ina jina la mama mkwe. Naomba usiharakishe kumwona kuwa mshamba au mtu wa kuzuia furaha ya watoto. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake, iliyowekwa wazi mwaka 1999, ilidai kwamba ibada hizo zipo na kwamba zimejipenyeza hata shuleni. Mwanamke aliyekuwa akilea watoto katika miaka hiyo alisikia habari hizo mimbarini, redioni na kwenye matatu, naye akafunga na kuomba ili wanawe, akiwemo mumeo, warudi salama kutoka mabwenini. Leo mjukuu wake anataka kutoka nje katika usiku wenye mifupa na makaburi, na kila mtu anamwambia ni mchezo. Hofu yake ina historia, na imetokana na upendo.

Kwa hiyo mkalisheni chini, wewe na mumeo pamoja, na mumeo ndiye aanze kusema kwa sababu ni mama yake. Msimwendee mkiwa mmeshaamua. Mwulizeni ni jambo gani hasa linalomwogopesha, kisha mnyamaze asikilizwe mpaka mwisho. Halafu mwelezeni mnachokataa kabla ya mnachokubali: filamu hapana, vazi la pepo au mchawi au maiti hapana, michezo ya kuita roho hapana, na usiku wa manane hapana. Wazee wengi wakisikia kwamba mipaka imewekwa, na kwamba imewekwa kwa sababu ya imani, hulegea. Mwombeni pia avae miwani yake alitazame hilo vazi la simba, na kama anajua kushona, amshonee mjukuu mkia. Nasema hivi kwa dhati kabisa, kwa maana mtu akishiriki kwa mikono yake huacha kukiogopa kitu.

Lakini ikiwa baada ya kusikilizwa kwa heshima bado anaumia, na mnaona wazi kwamba ni dhamiri yake inayomsumbua wala si tamaa ya kuitawala nyumba yenu, basi mwaka huu acheni. Ninajua jibu hilo halimpendezi mumeo. Paulo hakusema kwamba aliye na dhamiri dhaifu ndiye mwenye haki. Alisema kwamba aliye na uhuru asiutumie kumvunja ndugu yake. Mtoto akikosa peremende za jioni moja anaweza kufidiwa kwa mambo mengi, ila bibi aliyefiwa miezi sita iliyopita, akijiona kwamba hata sala zake zimekuwa kichekesho nyumbani kwa mwanawe, hafidiwi kwa urahisi. Na kama ni dhamiri yako wewe mwenyewe isiyotulia, mama, usiende kinyume nayo kwa sababu tu mtaalamu amekuandikia barua ndefu. Warumi 14 inasema kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe, na hilo ni pamoja na wewe.

Sasa niseme juu ya yale makaburi, maana kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote uliyoyaandika, na umelitaja kama kwa kupitia tu.

Kule desturi hii ilikokomaa, watoto wengi hukua bila kuona jeneza. Watoto wetu hawakui hivyo. Binti yako huenda alisafiri usiku kucha kwenda Kakamega nyuma ya gari lililombeba babu yake, akalala kwa majirani kwa kuwa nyumba ilijaa waombolezaji, akaona udongo ukishushwa, akamwona baba yake akilia. Mwezi wa kumi anaposhuka kwenye gari la shule na kukuta kaburi la boksi karibu na geti, lenye jina la mzaha na mkono wa plastiki ukichomoza kwenye nyasi, hatalitazama kwa macho ya mtoto wa Chicago. Atakumbuka. Na bibi yake, anayepita hapohapo kila asubuhi kwenda kununua maziwa, atakumbuka zaidi. Marehemu John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Waafrika wengi waliofariki karibuni bado ni watu wa ukoo, wanatajwa kwa majina na wanakumbukwa na walio hai. Si lazima ukubaliane na imani zote za mababu ili uone kwamba katika nchi hii kaburi si pambo.

Hoja hiyo ina nguvu mbele ya kamati kuliko hoja yoyote ya Samhain, kwa sababu haimlazimishi jirani asiye wa dini yako kukubali mafundisho yako. Mwandikie mwenyekiti ujumbe wa faragha, si ndani ya kikundi cha mtaa ambako watu watagawanyika kambi mbili kabla ya chai ya jioni. Mwambie kwamba katika nyumba kadhaa za mtaa huu kuna watu waliofiwa mwaka huu, na kwamba mngeomba malenge, taa na puto vitumike badala ya makaburi na mifupa. Jitolee kununua malenge mawili au matatu na kuleta mtu wa kuyachonga. Kamati nyingi za mitaa zinaendeshwa na wazazi waliochoka wanaonakili picha walizoziona mtandaoni, na mtu akileta wazo pamoja na vifaa vyake hukubaliwa upesi.

Na kwa kuwa siku hizo zinaangukia karibu na tarehe 2 Novemba, ambapo jirani zenu Wakatoliki watakuwa wakiwaombea marehemu wao na kutembelea makaburi, itumieni wikendi hiyo nyumbani kwenu. Ninyi wa makanisa ya kiinjili hamuwaombei waliokufa, na sitaki uigize usichokiamini. Hakuna kinachowazuia kuweka picha ya babu mezani, bibi akawasimulia wajukuu jinsi alivyomfahamu na jinsi alivyomwona akiomba, mkamshukuru Mungu kwa maisha yake na kuimba wimbo alioupenda. Kifo kizungumzwe nyumbani na watu wanaomjua mtoto, ili asije akakijifunza kutoka kwenye filamu ya saa mbili usiku.

Kuhusu mdogo wake wa miaka minne, hapo sababu zangu si za dini tu. Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani Rheta DeVries alichapisha utafiti ambao mimi hupenda kuwasimulia wazazi. Aliwaonyesha watoto paka mpole aliyeitwa Maynard, wakamgusa na kumzoea, kisha paka huyo akavishwa kinyago cha mbwa mkali huku mkia wake ukiendelea kuonekana. Watoto wengi wa miaka mitatu waliamini kwamba amegeuka mbwa na wakaogopa asiwaume. Wengi wa miaka sita walijua kwamba ni paka yuleyule. Mwanao yuko katikati ya umri huo. Kijana wa jirani anayempenda, akitokea mlangoni na uso wa fuvu, anaweza kuwa kwake kitu kingine kabisa, na kicheko cha wakubwa hakitamtuliza. Mwonyeshe vinyago mchana, avivae na kuvivua mwenyewe mbele ya kioo, na akikataa kwenda usimshurutishe. Kuogopa kidogo si vibaya kwa mtoto. Bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi yanayokula watu, nasi tukasogeleana karibu na moto tukiomba hadithi iendelee. Ila bibi aliijua hofu ya kila mjukuu aliyekaa pale na alijua wapi pa kukatiza, na filamu haijui. Ndiyo maana nimeikataa filamu hata kwa yule wa miaka minane.

Huenda pia umetumiwa ile habari ya peremende zenye sumu, ambayo huzunguka kila mwaka. Mwanasosholojia Joel Best amefuatilia visa vya Marekani tangu mwaka 1958 na hakupata ushahidi wa mtoto aliyeuawa na mgeni aliyegawa peremende zenye sumu ovyo. Kisa maarufu cha Texas cha mwaka 1974 kilikuwa cha baba aliyemtilia sumu mwanawe mwenyewe. Hatari ya kweli kwenu ni magari yanayoingia getini jioni hiyo watu wakitoka kazini, pamoja na mishumaa iliyowashwa karibu na mavazi ya nailoni. Mwombeni askari wa geti azuie magari kwa saa moja, na taa ziwe za betri.

Jirani yako Mwislamu ameamua kwa misingi yake, na naomba usijaribu kumshawishi kwa hoja nilizokupa wewe. Kwa Waislamu wengi suala la sikukuu haliko katika fungu la mambo ya hiari. Katika hadithi, yaani mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, iliyopokewa na sahaba wake Anas na kuandikwa na mkusanyaji Abu Daud, Mtume aliwakuta watu wa Madina wakiwa na siku mbili za michezo, akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora zaidi, Idd-ul-Adh-ha na Idd-ul-Fitr. Wanazuoni wengi huijumlisha hadithi hiyo na ile inayoonya juu ya kujifananisha na watu wengine, na kwa hiyo kukataa kwake si hofu ya mapepo wala si kuwadharau jirani. Mfundishe binti yako kwamba rafiki yake hakunyimwa kitu, ana sikukuu zake, na kwamba asimtese kesho yake kwa kumsimulia habari za peremende. Na kabla hajamgawia peremende zake Jumamosi, amwulize mama wa rafiki yake kwanza, kwa sababu peremende nyingi laini za kutafuna zina jelatini, ambayo wakati mwingine hutokana na nguruwe.

Makanisa kadhaa ya Nairobi huandaa jioni mbadala kwa watoto, na kama lenu lina jambo la maana siku hiyo, mpeleke bila wasiwasi. Binafsi sipendi ile mbadala ambayo ni Halloween yenyewe iliyobadilishwa jina, kwa kuwa watoto huona. Ikiwa mnataka siku ya mavazi ambayo ni yetu, Siku ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba iko karibu sana, na msichana anayevaa kama Mekatilili wa Menza au Wangari Maathai atakuwa na la kusimulia mlango kwa mlango. Pendekeza hilo kwa kamati ya mwaka ujao.

Limebaki la shule. Mwandikie mwalimu wa darasa siku tatu au nne kabla, kwa upole, ukimweleza kwamba binti yako atakuja na vazi la simba, kwamba msingeridhia ashirikishwe katika michezo ya kuita roho au kutazama picha za kutisha, na umwulize ni shughuli gani zimepangwa. Walimu wengi watafurahi kuulizwa. Ikiwa mtaamua kwamba asishiriki kabisa, hiyo nayo ni haki yenu: kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu asilazimishwe kufanya tendo lililo kinyume na imani yake, na kwa mtoto wa umri huo ninyi ndio mnaomsemea. Omba apewe kazi nyingine ya darasani pamoja na watoto wengine wasioshiriki, ambao hawatakosekana, ili asikae peke yake maktaba kana kwamba amefanya kosa. Mwalimu akikataa, mwandikie mkuu wa shule wakati bado kuna siku mbili za kujibizana, na usiliache jambo hilo hadi Ijumaa asubuhi kwenye geti la shule, mtoto akiwa amesimama katikati yenu akisikiliza.